Mkono kufa ganzi usiku: anza na vidole

Ukiamka mkono umekufa ganzi, kabla hujaukung'uta gusa vidole kimoja kimoja. Wengi hudhani damu imezibwa. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa, na vidole huonyesha umebanwa wapi.

Kikiwa kidole cha mwisho na upande mmoja wa kidole cha pete, angalia kiwiko. Mshipa huo hupita nyuma yake, palepale unapojigonga ukahisi kama shoti. Kulala umeukunja mkono chini ya mto huuvuta usiku kucha. Zungushia kiwiko taulo na uishike kwa bandeji isiyokaza, unene wake ukae mbele, kwenye mkunjo. Kazi yake ni kuuzuia mkono usikunjike sana; taulo jembamba hujikunja nao, halisaidii kitu.

Ganzi ikiwa kwenye gumba, cha shahada na cha kati, tatizo liko kwenye kifundo cha mkono. Hapa kinahitajika kishikizo cha kifundo, yaani kifaa cha kuvaa kinachozuia kifundo kisipinde, kivaliwe kila usiku kwa wiki 6 hivi. Vingi vina kibati ndani kilichopindwa kukiinua kiganja. Kichomoe, ukinyooshe, ukirudishe: kifundo kikiinuka au kikiinama, nafasi ya mshipa hupungua. Watu wengi hukosea hapa, kisha wakasema kishikizo hakifai. Ganzi ya aina hii huja sana wakati wa ujauzito, na kwa wenye kisukari au upungufu wa homoni za thairoidi (tezi ya shingoni), hivyo pima sukari na homoni hizo.

Ikianzia shingoni au begani, rekebisha mto: ukilala ubavu, ujaze nafasi kati ya bega na sikio, si zaidi. Acha kulala kifudifudi. Mkono usioulalia uegemeze kwenye mto mwingine kifuani.

Ganzi ya kulalia mkono huisha ndani ya dakika chache. Ikidumu mchana, ukiangusha vitu, nyama ya chini ya gumba ikipungua, au kiganja kikining'inia bila kuinuka, nenda kwa daktari. Ikija ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito au kifua kuuma, ni dharura, usingoje asubuhi.

Vidonge vya vitamini B husaidia mwenye upungufu tu. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu.