Muhogo wa mgonjwa wa figo: mwaga maji ya kwanza

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, kama mgonjwa wenu wa figo ameambiwa potasiamu yake (madini yatokayo kwenye chakula) iko juu kwenye damu, si lazima aage muhogo kabisa. Umenyeni, mkate vipande vidogo, mbandike kwenye maji mengi. Ukichemka vizuri mwageni maji yote, muweke mapya, uive humo, kisha hayo nayo mwageni. Potasiamu nyingi hutoka na maji, kwa hiyo yasigeuzwe mchuzi. Kuloweka tu hakutoshi. Wa kuchoma ndio hapana, unabaki nayo karibu yote. Hata huu wa kuchemsha, apewe kipimo kidogo.

Kitoweo kiwe samaki mbichi, kipande cha wastani, kwa ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, ina chumvi nyingi mno. Korosho najua ni zetu, ila zina potasiamu nyingi na fosforasi, madini mengine ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa.

Na madafu, jamani! Wengi humpa mgonjwa wakiamini yanasafisha figo. Yamejaa potasiamu, nayo ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama. Msimpe mpaka daktari aone vipimo vyake vya damu.