Namna ya Kupima Masafa kwa Kipimo cha Mkononi na Kujua Tarakimu za Kuaminiwa

Kipima masafa cha mkononi, yaani chombo cha kupima idadi ya mizunguko ya wimbi kwa sekunde, huonyesha tarakimu nane au zaidi, na watumiaji wengi huziamini zote kwa sababu tu zimeandikwa kwenye kioo. Chombo hiki hufanya kazi moja: hufungua lango kwa muda maalumu, huhesabu mizunguko ya wimbi inayopita, kisha hulifunga. Wimbi likiwa safi, hesabu hukosea kwa mzunguko mmoja tu, lakini saa ya fuwele ya kwatsi inayoongoza lango hilo ikiwa imechepuka, kila jibu litachepuka kwa uwiano uleule.

Tatizo hili ni la zamani kuliko vipimo vya kuhesabu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani lilitumia chombo cha kubebeka kilichoitwa BC-221, ambacho kilizalisha wimbi lake chenyewe. Fundi alilichanganya na wimbi analolipima, akazungusha kitufe huku akisikiliza mlio uliotokana na tofauti ya mawimbi hayo mawili, na mlio ulipozama hadi kutoweka alisoma namba na kuitafuta kitabuni ili ajue masafa. Kila chombo kilikuwa na kitabu chake chenye namba yake ya utambulisho, na kitabu cha chombo kingine hakikufaa hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP 524A, kilichohesabu hadi megahezi 10 (hezi 1 ni mzunguko mmoja kwa sekunde, na megahezi 1 ni hezi milioni moja), ila kilijaa vali za kioo na kilikuwa kizito mno kubebwa mkononi. Transista, na baadaye saketi unganishi, ndizo zilizokipunguza chombo cha namna hiyo hadi kikaenea mfukoni.

Kabla ya kupima, washa chombo na ukiache kwa nusu saa hivi, kwa kuwa fuwele hubadilika kadiri inavyopata joto. Ukipima redio ya mawasiliano, usiunganishe kamwe tundu la antena yake moja kwa moja na kipimo, kwani wati tano zinatosha kuunguza sehemu ya kuingizia. Funga mzigo bandia wa omu 50, yaani kifaa kinachomeza nguvu ya redio badala ya antena, kwenye redio, weka antena fupi kwenye kipimo, kisha kisogeze polepole hadi namba zitulie. Namba zinazorukaruka wakati redio haijarusha si ishara ya ubovu. Vipimo vyenye usikivu mkubwa huhesabu kelele zao wenyewe. Nyamaza unapobonyeza kitufe cha kurushia, maana katika FM sauti huyumbisha masafa. Ukiona jibu ambalo ni mara mbili hasa ya ulilotarajia, punguza nguvu inayoingia.

Kisha chagua muda wa lango. Lango la sekunde 1 huonyesha tofauti ya hezi 1, na la sekunde 10 huonyesha sehemu ya kumi ya hezi. Kwa masafa ya chini njia hii haifai: hezi 50 zikihesabiwa kwa sekunde 1, kosa la mzunguko mmoja ni asilimia 2 nzima. Hapo badili hadi kupima muda wa mzunguko. Mzunguko mmoja wa hezi 50 huchukua milisekunde 20, na muda huo ukihesabiwa kwa saa ya megahezi 10 hutoa hesabu ya 200,000, na kosa la moja katika hesabu hiyo ni dogo sana.

Kazi inayostahili subira kuliko zote ni kuhakiki saa yenyewe. Vituo vya WWV vya Colorado na BPM vya China hurusha mawimbi ya viwango, yaani yenye masafa sahihi ya kulinganishia, kwenye megahezi 10, na redio ya masafa mafupi inaweza kuyapokea hali ya hewa ya juu inaporuhusu. Kama saa ya kipimo chako ni ya megahezi 10, weka kipimo karibu na antena ya redio ili wimbi lake dogo linalovuja lichanganyike na la kituo. Utasikia sauti ikipanda na kushuka. Zungusha skrubu ya kurekebishia fuwele kidogo kidogo, kwa bisibisi ya plastiki, hadi kupanda na kushuka huko kuchukue sekunde nzima au zaidi. Mpigo mmoja, yaani kupanda na kushuka mara moja, kwa sekunde ni tofauti ya hezi 1 katika milioni 10, na hakuna haja ya kung'ang'ania zaidi ya hapo, kwa sababu safari ya wimbi angani yenyewe huliyumbisha kwa kiasi kinachokaribia hicho.

Ukiandika jibu, andika pamoja nalo kiwango cha kuchepuka. Saa yenye kosa la sehemu moja katika milioni huleta shaka ya hezi 145 kwenye megahezi 145, kwa hiyo tarakimu mbili za mwisho zinazoonyesha makumi na mamoja ya hezi zisiingizwe katika ripoti ya kazi kama hiyo.