Sanduku la mboji lisibanwe kama kabati

Mafundi seremala wetu wa Busia na Tororo ni hodari wa kubananisha mbao, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Mkulima ananunua mbao, anamlipa fundi, anakabidhiwa sanduku la mboji lililofungwa kama kabati la nguo: ubao juu ya ubao, hata mwanga haupenyi, na chini limepigiliwa sakafu. Baada ya miezi mitatu anakuta uvundo, funza na tope jeusi. Msimu umempita, mbao zimeanza kuoza, na inambidi anunue ile mbolea ya dukani aliyotaka kuiepuka.

Viumbe wadogo wanaoivisha mboji wanahitaji hewa. Wakiipata, katikati ya lundo hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu za kishona nguo na vimelea vingi vya magonjwa. Wakiikosa, nafasi yao huchukuliwa na wale wasiohitaji hewa. Lundo hubaki vuguvugu na kunuka, na mbegu za magugu hutoka zikiwa hai. Mtu anazimwaga bustanini kwa mkono wake mwenyewe, kisha analia na palizi.

Basi shikeni futi, na msipime kwa hatua za miguu. Sanduku liwe na mita 1 kila upande na kimo cha mita 1. Likiwa dogo zaidi, joto halikai ndani. Likizidi mita 1 na nusu, hewa haifiki katikati hata mkiacha nafasi. Nguzo nne ziwe na urefu wa sentimita 150, na 40 kati ya hizo ziingie ardhini. Ubao wa kwanza uanzie sentimita 5 juu ya udongo. Kila upande uchukue mbao sita za inchi 6 kwa inchi 1, na kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya sentimita 2 na nusu.

Nafasi hiyo msiikadirie kwa jicho. Kateni kipande cha ubao uleule, kilazeni juu ya ubao uliokwisha kupigiliwa, unene wake ndio kipimo. Wekeni ubao unaofuata, pigeni misumari, chomoeni kipande, endeleeni. Mbao sita na nafasi tano zinatoa kimo cha sentimita 102 na nusu. Fundi akisema kazi ya namna hiyo itamwaibisha, simameni naye hadi msumari wa mwisho, kwa sababu mkiondoka atabana tu. Mabanzi nayo yanafaa, na ni nafuu.

Upande wa mbele, wenye mbao za kuchomoa, ndio unaosahaulika zaidi. Pande tatu zinaachwa vizuri, kisha mbao za mbele zinakaliana bila upenyo. Pigilieni kibao cha sentimita 2 na nusu kwenye ncha zote mbili za kila ubao wa mbele, ili wa juu usiukalie wa chini.

Naambiwa kila mara kwamba kuku wataingia. Kuku hapiti kwenye nafasi hiyo. Panya wakisumbua, tandazeni wavu wa matundu madogo kwa ndani, lakini nafasi zibaki.

Na tafadhali, mama zangu na wazee wangu, msipake mbao oili chafu ya gari kwa ajili ya mchwa. Ina metali zenye sumu zinazoingia kwenye mboji na kuishia kwenye nakati na sukuma wiki za watoto wenu. Zile sentimita 5 za chini zinawawezesha kuona njia za mchwa kwenye nguzo. Zibomoeni kila wiki.

Kupanga tabaka mnakujua. Naongeza tu kwamba chini kabisa, juu ya udongo mtupu, muweke vijiti na mabua kimo cha sentimita 20, maana hewa hupandia hapo. Geuzeni lundo baada ya wiki 2, kisha wiki 3 baadaye. Kwa upanzi wa Machi, sanduku lijae kufikia mwanzo wa Desemba. Anayejaza Januari asiitegemee. Kiangazi hicho funikeni kwa majani ya migomba na kunyunyizia maji: ukikamua konzi moja, litoke tone moja au mawili. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya udongo, imeiva.

Wenye masanduku yaliyokwisha kubanwa msiyachome kuni. Sanduku la mbao saba za inchi 6 kila upande lina sentimita 105. Ng'oeni sakafu, toeni ubao mmoja kila upande, zile sita zilizobaki zipangeni upya kwa kipande cha kupimia. Mbao zilizotolewa zikateni vibao vya upande wa mbele.