Kupima Pumzi kwa Spirometa Katika Majaribio ya Dawa za COPD (ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa)
Kabla ya kumwandikisha mshiriki, mpe salbutamoli (dawa ya kupanua njia za hewa) mikrogramu 400 ya kuvuta, usubiri dakika 15. Akae wima, pua ibanwe, midomo ikaze mrija. Avute hewa hadi mapafu yajae, kisha apulize kwa nguvu bila kusita mpaka iishe.

Makosa makubwa yako hapo. Asipojaza mapafu, kipimo hushuka, na dawa nzuri yaweza kuonekana haifai. Akikatiza mapema, uwiano wa hewa ya sekunde ya kwanza kwa hewa yote hupanda na ugonjwa hujificha. Mhimize kwa sauti!

Pata mipulizo 3 safi, miwili bora isipishane zaidi ya mililita 150. Usipitishe 8, mgonjwa huchoka. Hewa ya sekunde ya kwanza ukiigawa kwa hewa yote, itoke chini ya 0.70 ndipo umwandikishe.