Kabla Hujawasha Rei Tresingi, Kagua Umeme

Mafundi wa kompyuta hapa Arusha wanaletewa malalamiko yanayofanana: "Fundi, gemu lilikuwa linaenda vizuri kabisa, nimewasha rei tresingi tu, mashine ikazima." Rei tresingi ni mpangilio wa gemu unaochora mwanga na vivuli kwa kufuata miale, na unaibebesha kadi kazi nzito. Mwenye mashine anakuwa ameshahukumu kwamba kadi ya grafiki ni mbovu, au kauziwa feki. Mara nyingi kadi ya watu haina kosa. Gemu likiwa limefungwa kwenye fremu (picha) 60 kwa sekunde bila rei tresingi, kadi nzuri inaweza kuwa inavuta nusu tu ya umeme wake. Ukiwasha rei tresingi inapanda hadi kikomo na kukaa hukohuko, na udhaifu uliokuwa umejificha kwenye pawasaplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), kebo au soketi ya ukutani unajitokeza. Kwa hiyo kabla hujanunua kadi nyingine, au hata hiyo ya kwanza, kuna mambo ya kukagua, na mengi hayahitaji hela.

Anza na pawasaplai. Fungua ubavu wa kasha usome kibandiko chake, na ile namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwa mbwembwe uiache kwanza. Tafuta mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi vinakula hapo. Ukikuta ampia 18, zidisha mara 12: unapata wati 216, hata kama juu kumeandikwa 500. Pawasaplai za namna hiyo ndizo zinazokuja ndani ya makasha mengi ya bei poa. Kadi ya RTX 3060 peke yake inavuta wati 170, na mtengenezaji anashauri pawasaplai ya 550. RTX 3080 inavuta 320, ushauri ni 750. Watu hudhani pengo hilo ni ujanja wa kuuza vifaa. Sivyo: kadi kubwa za siku hizi huruka ghafla kwa milisekunde chache na kupita mbali namba ya kwenye boksi, na pawasaplai dhaifu ikiona mruko huo inajikata ili kujilinda. Kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kilizitaka pawasaplai mpya zivumilie miruko hiyo. Alama ya 80 Plus nayo isikupumbaze. Inaeleza ufanisi, yaani umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haisemi chochote juu ya uimara.

Ukishajua namba, geukia kebo. Soketi ya kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inaipa kadi wati 75, basi. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ipewe kebo mbili, kila moja ikitoka kivyake kwenye pawasaplai, badala ya kebo moja yenye vichwa viwili. Zile adapta za kugeuza plagi ya SATA (ya kulishia diski) kuwa pini 8 ziache hukohuko dukani: plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 hivi kwenye volti 12, wewe unaidai 150. Na kebo za pawasaplai moja usizichomeke kwenye nyingine eti kwa sababu zimeingia. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana, na kosa hilo huunguza diski na kadi kwa mpigo.

Chomoa plagi ya kadi, mashine ikiwa imezimwa na kutolewa ukutani, uipeleke kwenye mwanga wa dirishani. Kila tundu lina kipande cha chuma ndani. Kilicho salama kinang'aa. Kilichopata joto kimefifia, na plastiki ya pembeni yake imevimba au kugeuka kahawia, tena mara nyingi ni tundu moja tu kati ya yote. Ukiona hivyo, kebo hiyo imestaafu. Kwa kadi zenye plagi ndogo ya pini 16 ukaguzi huu una uzito zaidi. RTX 4090 ilipoingia sokoni Oktoba 2022, ikiwa na wati 450, plagi kadhaa ziliyeyuka, na chanzo kimojawapo kilichobainika ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Sukuma mpaka usione mwanya, na usikunje waya karibu na kichwa.

Sasa nje ya kasha, ambako wengi hawaangalii kabisa. Kompyuta inayovuta wati 450 kwenye umeme wetu wa volti 230 inachukua kama ampia 2 tu, kwa hiyo si kweli kwamba nyumba haiiwezi. Kinachosumbua ni ubora wa njia. Ekstensheni yenye soketi zilizolegea inatoa cheche ndogo ndogo kila meza ikiguswa. Halafu kuna mchezo wetu wa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Plagi hiyo inaingia bila earthi. Ukigusa chuma cha kasha ukahisi mkono unatetemeshwa, pengine hakuna earthi, ama kwenye plagi, ama kwenye ekstensheni, ama nyumba nzima. Huo mtetemo unatoka kwenye vichujio vya pawasaplai ambavyo havina pa kupeleka umeme wao. Mwite fundi umeme aishughulikie kabla hujaweka kadi ya mamilioni ndani ya kasha hilo.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika kadhaa utulie, kwa sababu mtaa mzima unawasha friji na pasi kwa wakati mmoja. Wenye UPS (betri ya akiba) wasome wati, si VA, ile namba kubwa inayotangazwa: UPS ya VA 650 kwa kawaida haifiki wati 400, na ikianza kulia gemu linapopamba moto inakwambia imezidiwa. UPS za bei ndogo pia hutoa umeme wa ngazi ngazi zikiwa kwenye betri, na baadhi ya pawasaplai nzuri huukataa na kuzima. Kwa mashine ya gemu, afadhali UPS ya mawimbi laini hata kama itakulazimu kuahirisha kadi kwa mwezi mmoja. Najua ushauri huu haupendwi.

Kabla ya kumwambia fundi "imekufa", angalia imekufaje. Mashine nzima ikizima kama iliyochomolewa ukutani, shaka ya kwanza ni pawasaplai au umeme wa nyumba. Kioo kikiwa cheusi huku feni za kadi zinapiga kelele kama pikipiki na sauti ya gemu bado inasikika, tazama plagi ya kadi, kisha kadi yenyewe. Gemu likijifunga na kukurudisha kwenye Windows, hapo ni draiva (programu inayoiendesha kadi), joto au kadi iliyoongezewa kasi kuliko uwezo wake. Umeme huja mwisho. Ukikuta kwenye kumbukumbu za Windows tukio la Kernel-Power namba 41, usifurahi mapema: linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa, halitaji mkosaji. Na hakikisha waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi, sio kwenye mazabodi. Kuna watu wamelipa nauli ya Moshi hadi Arusha kwa kosa hilo.

Jaribio ninalolipenda halina gharama. Sakinisha MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 70, ucheze palepale ilipokuwa inazima. Ikimaliza saa nzima bila tatizo, kidole kinaelekea kwenye pawasaplai. Utapoteza fremu chache tu, pungufu ya unavyodhani. Kisha azima pawasaplai ya jirani uthibitishe.

Je, rei tresingi yenyewe inastahili usumbufu wote huu? Wazo ni la zamani: Arthur Appel wa IBM aliandika juu yake mwaka 1968, na Turner Whitted akalipanua mwaka 1980. Kompyuta inafuata miale ya mwanga, inagonga kitu, inadunda, inauliza kama kuna kivuli, na kadhalika kwa mamilioni ya miale. Picha moja ilichukua muda mrefu mno. Mwaka 2018 kadi za GeForce RTX za Nvidia, mfululizo wa 20, zilileta sehemu maalumu za kuikokotoa papo hapo, na washindani wao AMD wakafuata mwaka 2020 na RX 6000.

Kwa anayecheza mpira au gemu za mashindano, jibu langu ni hapana. Hutaona kivuli cha goli ukiwa unashambulia, ila fremu zilizopungua utazihisi. Kwa magemu ya hadithi yenye usiku, mvua na vioo, tofauti inaonekana, mradi kadi iwe ya daraja la kati kwenda juu. Tena mlango unaanza kufungwa: Indiana Jones and the Great Circle la 2024 na Doom: The Dark Ages la 2025 hayaendeshwi na kadi isiyo na uwezo huo. Wanaofaidi kweli kwa maoni yangu ni wachora ramani za nyumba na wabunifu wa ndani. Blender, programu ya kuchora picha za 3D, ikitumia OptiX (njia ya ukokotoaji ya Nvidia) inazitumia sehemu zilezile za rei tresingi kumaliza picha ya sebule, na mteja wa Njiro anayetaka kuona jikoni lake leo jioni halipi kwa sababu ya fremu 60. Huyo anunue RTX bila kusitasita, lakini pawasaplai kwanza.

Na wale wenye kompyuta za mtumba za maofisini, zenye pawasaplai ndogo isiyo na kebo hata moja ya kadi: RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, inavuta wati 70 na inakula kutoka kwenye mazabodi pekee. Pima kwanza urefu na kimo cha kasha kwa rula, maana matoleo mengi hayaingii kwenye yale makasha membamba. Kwenye gemu acha rei tresingi imezimwa. Kwenye Blender iwashe.