Zana ya ejenti wa AI, andika saa vizuri

Jamani mnaotengeneza ejenti wa AI, yaani programu ya AI inayomfanyia mtu kazi kwa kuita zana (vipande vya programu, kila kimoja na kazi yake), msiandike maelezo ya zana kwa maneno mawili mkaondoka. Modeli, yaani AI yenyewe, haioni programu uliyoandika ndani ya zana, inasoma jina la zana, maelezo na parameta (nafasi za kujaza, kama saa) basi, hapo ndo inaamua iite ipi na ijaze nini. Mimi nilikuwa na zana ya kubuku tuktuk, nimeweka tu "hubuku tuktuk" na parameta "saa", mteja wa Nyali akaandika nataka saa mbili asubuhi niwahi feri Likoni, ejenti akatuma 02:00, yaani saa nane usiku wallahi! Sasa nimeandika hivi: "Hubuku tuktuk ndani ya Mombasa. Itumie mteja akishataja anakotoka, anakoenda na saa. Usiitumie kuulizia bei, hiyo ni kazi ya zana ya uliza_bei. Saa iwe ya mtindo wa saa 24, mteja akisema saa mbili asubuhi andika 08:00. Asipotaja asubuhi au usiku, muulize kwanza." Hiyo ya "usiitumie" wengi wanairuka, na ndo inayosaidia sana zana mbili zikifanana. Jina nalo, buku_tuktuk liko wazi kuliko fanya_kazi.