Kuomba barabara ya mtaa itengenezwe, na kujua nani alipe

Mtaani kwetu tuliwahi kuchangishana tukanunua malori ya kifusi. Tulikimwaga Februari, mvua za masika zikakibeba chote hadi bondeni. Hatukuwa na mtaro wala muhtasari wa kikao, na hadi leo watu wanaulizana ni kiasi gani kilikusanywa. Naandika ili ninyi mfuate njia inayofika.

Kwanza jueni barabara ni ya nani. Kwa Tanzania, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Za wilaya, yaani hizi za mitaani na vijijini, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, ndiyo maana wengi bado wanapeleka barua huko.

Nendeni kwa Meneja wa TARURA wa wilaya mkaulize jambo moja: barabara yetu imo kwenye mtandao wa barabara unaotambuliwa na TARURA? Kama imo, inaweza kupangiwa fedha za Mfuko wa Barabara, ambazo kwa sehemu kubwa zinatokana na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa Shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Dereva wa bodaboda wa mtaani kwenu analipia barabara kila anapojaza mafuta, kwa hiyo msiende kuomba kama watu wanaoomba hisani.

Kama haimo, ombi lenu la kwanza ni iingizwe. Hapo ardhi hutangulia fedha: nani atasogeza ukuta ili greda lipite? Kaeni na wenye viwanja, makubaliano yaandikwe na kila mmoja asaini. Nimeona mradi ukikwama kwa sababu ya uzio mmoja.

Kisha mwombeni mwenyekiti wa mtaa au kijiji aitishe mkutano mkuu. Pateni muhtasari wenye mhuri na orodha ya mahudhurio iliyosainiwa. Ombi lipande hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Barua ya watu watatu ni rahisi kuwekwa pembeni. Iliyopita kwenye kata ina uzito mwingine.

Barua yenyewe iwe fupi:

YAH: OMBI LA MATENGENEZO YA BARABARA YA (jina), MTAA WA (jina)

Andikeni inapoanzia na inapoishia, urefu wake, sehemu korofi ziko wapi, maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na nani wanaitegemea: shule, zahanati, soko. Ambatanisheni picha za kiangazi na za mvua. Msiandike tu “tunaomba barabara”. Semeni kama ni kalavati, mitaro, au kuchonga na kumwaga changarawe. Mara nyingi kalavati moja na mtaro huokoa barabara nzima, na ombi dogo lina nafasi zaidi ya kuingia kwenye bajeti. Barua ipitie kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani na mbunge, kwa kuwa mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo, nao unaweza kuongezea pale fedha za TARURA zinapopungua.

Ipelekeni kabla ya Desemba. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Ukifika Mei, mipango imeshafungwa. Msiondoke masijala bila nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Mkiamua kuchangia, kiwango kikubaliwe mkutanoni, na mjane anayeuza maandazi asidaiwe sawa na mwenye malori. Kila anayetoa apewe stakabadhi, na mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa. Nguvu kazi nayo ihesabiwe kuwa mchango: kuzibua mitaro, kusogeza mawe. Lakini msimwage hata lori moja kabla mhandisi wa TARURA hajafika kuwaonyesha maji yatapita wapi.